Kona za Plastiki Nyembamba

Sogeeni, Placida, nawe Leonidas, mnisikie kabla pumzi haijanipa kisogo. Kibanja cha Nyakakika kigaweni kwa kufuata mstari wa mibuni, wala msiburuzane barazani kwa ajili ya mkungu wa ndizi. Lakini ile mashine ya kufungia nyama isiingie nyumbani kwa baba yenu mdogo Ndyamukama, hata akija akilia.

Tuliileta kutoka Kampala, mimi na yeye, wana tulionyonya ziwa moja. Ilipasha plastiki moto, ikaivuta ndani ya kalibu, lile umbo la chuma, hadi ikawa bakuli lenye kina, tukapanga humo nyama ya moshi, tukaifunika na kuitumbukiza kwenye maji ya moto, na plastiki ikanywea ikaishika nyama kama ngozi. Ilikuwa plastiki ya matabaka yaliyogandana, moja la kustahimili kuvutwa, jingine la kuzuia hewa, na la ndani la kushika mshono. Watu wa Bweranyange walinunua nyama yetu bila kuinusa.

Mwaka wa tisini na sita Ndyamukama akaleta marobota mengine ya plastiki, rahisi, ya tabaka moja. Nilivuta bakuli la kujaribu, nikapapasa kona zake, nikakuta zimekonda kama ganda la kitunguu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii ikinywea itapasuka." Akacheka. "Kaka, mnunuzi hahesabu matabaka."

Nikaenda Kyerwa kutafuta ng'ombe nikidhani amenisikia, kumbe nyuma yangu akafunga nyama yote humo, kona zikapasuka, hewa ikaingia na nyama ikaharibika, naye akaipeleka harusini hivyohivyo, na dada yenu Laurensia, mimba ikiwa pevu, akaila. Madaktari wa Nyakahanga walihangaika naye mpaka wakaishiwa. Tukazika wawili katika jeneza moja.

Barazani mdogo wangu akasimama, macho makavu, akasema plastiki ile niliichagua mimi, kisha nikajificha Kyerwa. Wakamwamini, kwa kuwa mkubwa wa kazi nilikuwa mimi. Hata mama yenu alikufa akiniuliza kwa macho. Kikulacho ki nguoni mwako, wanangu, na changu kilinyonya titi nililonyonya.

Juzi alikuja kukaa hapo mlipo. "Kaka, yaliyopita si ndwele." Nikamjibu, "Kayaseme barazani, mbele ya walewale." Akachukua kofia yake akaondoka.

Basi shikeni neno langu. Mashine iuzeni kama chuma chakavu. Siku ya kunizika asishike udongo mpaka aseme kweli, watu wakisikia. Akikataa, msimpige wala msimtukane, mpisheni njia arudi kwake. Watoto wake wakija, wapeni ugali na mahali pa kulala, maana hawakuwa na mkono katika jambo lile.

Placida, niinue kidogo... hapo. Mungu awanyeshee mvua kwa wakati wake, awape watoto watakaowazika, wala si ninyi kuwazika wao. Awabariki na wale wa Ndyamukama, wote... Yeye mwenyewe... yeye aseme kwanza.