Pakiteng wa Watu Sitini na Wawili: Wasifu wa Marehemu Senteu Kimaren (1984–2025)

Marehemu Senteu Kimaren alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 Malambo, wilayani Ngorongoro, akiwa mtoto wa pili wa Mama Nailantei. Alianza darasa la kwanza mwaka 1993 na kumaliza la saba mwaka 1999, akiongoza kwa hesabu na kuchapwa kwa utoro, maana ng'ombe hawasubiri kengele.

Kazi yake ilikuwa ufugaji, na hakuwa mkono wa birika. Kwa Wamaasai, ukimpa mwenzako ng'ombe, tangu siku hiyo mnaitana Pakiteng, wewe na yeye. Marehemu aligawa mpaka akawa Pakiteng wa watu sitini na wawili.

Tarehe 9 Agosti 2008 alimwoa dada yangu Laurencia, Mwiraqw wa Buger. Baba yetu, Mzee Tluway, alipopokea dume la mahari na kusikia mkwe anamwita "Pakiteng," alinuna wiki nzima akidhani ametukanwa.

Kuhusu ugonjwa, marehemu hakuugua. Aliuawa. Mwaka jana kituo kimoja cha polisi kililetewa programu ya kompyuta inayotabiri nani ataiba mifugo, kwa kuchambua simu na meseji za watu. Ilikuta jina Pakiteng kwenye simu sitini na mbili, pamoja na maneno "njoo uchukue ng'ombe." Ikaamua huyo ni mtu mmoja, kiongozi wa genge, na namba iliyokutwa kote ilikuwa ya marehemu. Akawekwa wa kwanza kwenye orodha.

Aliitwa kituoni mara tatu. Mimi Emilian, shemeji yake, nilikuwepo akisema, "Afande, Pakiteng siyo jina la mtu. Ni ng'ombe tuliyepeana."

Akajibiwa, "Kompyuta haina shemeji wala mjomba. Haimwonei mtu."

Tarehe 25 Februari 2025, mnadani Karatu, saa tano asubuhi, askari wanne walimkuta ameshika dume lake mwenyewe, lenye chapa yake. Walimpiga kwa vitako vya bunduki mpaka meno yakamwagika, wakamkanyaga mbavu, wakamfunga kwa kamba ya dume lile na kumburuta kwenye mavi hadi kwenye gari. Tulikuwa wengi, tukatazama. Naona aibu kuisoma sentensi hiyo. Alifariki tarehe 27, saa nane mchana, tumbo limejaa damu. Siku ile hakuna mtu mnadani aliyelalamika kuibiwa hata mbuzi.

Ameacha mama, mjane, na watoto watatu: Naeku, Kaika na Goodness.

Jana mjane aliletewa wito wa kufika kituoni kesho saa tatu asubuhi. Sasa yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu ndani ya siku mbili amewapigia simu watuhumiwa wote sitini na wawili. Alikuwa anawaita mazikoni. Ndio ninyi mlioshika majembe.

Shemeji, lala kwa amani. Sisi kesho tunampeleka dada.