Nasr bin Farajalla, Aliyepigana kwa Jina la Mwengine

Bismillahi. Nyinyi mliokuja kutupa mkono wa tanzia, wanawake mlio humu ndani, na wanaume mlio nje chini ya hema mnaonisikia kwa kipaza sauti, mimi ni Shaikha binti Nasr, mtoto wa kwanza wa marehemu, na leo, siku ya tatu, nasoma historia ya baba yangu kama alivyotaka isomwe, tena nitaisoma yote, atakayeona inamchoma, maji ya baridi yapo mlangoni.

Juzi ililetwa karatasi hapa nyumbani kwetu Wadi Kabir, kaileta Bwana Saeed bin Saud, ambaye sasa hivi amekaa kiti cha mbele huko hemani, anapokea mikono ya watu kama yeye ndiye mfiwa, karatasi ya mistari sita iliyochapwa vizuri, isemayo kuwa Nasr alikuwa mtumishi mwaminifu wa nyumba yao, aliyelelewa kwa hisani yao, na kuwa hiyo ndiyo isomwe. Karatasi ipo jikoni, nimeitandika chini ya dele la kahawa.

Marehemu alizaliwa katika kijiji kimoja cha Sharqiya, hapa hapa Oman, nyumbani kwa babu yake huyo Saeed, tarehe moja Januari 1946, ndivyo isemavyo pasi yake, na nyote mnaijua hiyo tarehe moja Januari, ndiyo wanayopewa wale ambao hakuna aliyejali kuandika siku yao, lakini mama yake, Bi Bakhita, alikuwa akisema kamzaa wiki ile ile aliyozaliwa ngamia jike wa bwana, na ngamia yule kaandikwa, siku yake, mama yake na rangi yake, kitabu nimekiona kwa macho yangu haya mawili. Ngamia ana tarehe, baba yangu hana.

Bi Bakhita mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Unguja, ambako utumwa ulikwishapigwa marufuku zamani, akachukuliwa ana miaka kumi na miwili, akaambiwa nenda Arabuni ukacheze na mtoto wa bibi, akapanda chombo muungwana, akashuka mjakazi, asirudi tena, akafia kijijini tarehe 9 Mei 1987, na Kiswahili hiki ninachokisomea ndio urithi wote aliotuachia. Mumewe, Farajalla, alikufa akizibua mfereji wa maji wa kijiji, Nasr hajatimiza miaka mitatu.

Kusoma, marehemu hakusomeshwa. Saud, mtoto wa bwana, baba yake Saeed, ambaye walikuwa hirimu moja, alipelekwa chuoni, na Nasr alimbebea msahafu mpaka mlangoni, akabaki nje na viatu, na huko huko nje akahifadhi juzuu amma yote kabla ya Saud, mwalimu alipojua akamchapa Saud kwa uvivu, na walipofika nyumbani Nasr akachapwa kwa kumwaibisha bwana mdogo, astaghafirullahi. Kuandika alijifunza mtu mzima, darasa la watu wazima, Ruwi, mwaka 1978, na neno la kwanza aliloomba afundishwe lilikuwa jina lake.

Kwa nini jina, sikilizeni. Mwaka 1968 vita vya Dhofar, kwenye milima ya kusini, vilikuwa vimepamba moto, Waomani kwa Waomani, na babu yake Saeed, kwa kujipendekeza kwa wakubwa, aliahidi kumtoa mwanawe aende jeshini, jina la Saud likaandikwa, kisha mama yake Saud akalia siku saba hali chakula, na dawa ya machozi yale ikapatikana uani, kwa kuwa karatasi haikuwa na picha na umri ulikuwa mmoja. Tarehe 3 Aprili 1968 Nasr alivishwa jina la Saud kama mtu anavyovishwa kanzu ya kuazima, akaambiwa nenda, ukirudi salama utaachwa huru, akaenda, angefanyaje, na mama yake yumo ndani ya nyumba ile.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1970, akiwa mlimani na wenzake, walisikia kwa redio kuwa utumwa umefutwa Oman nzima, wenzake wakampigia makofi mpishi wa kikosi, ambaye kila mtu alimjua asili yake, wakamwambia mabruki, na baba yangu naye akapiga makofi, asiweze kusema na mimi pia, kwa sababu aliyeachwa huru siku ile alikuwa Nasr, na Nasr mlimani pale hakuwepo, aliyekuwepo ni Saud, muungwana mwana wa muungwana. Alituambia kuwa katika umri wake wote hakupata kupiga makofi mazito kama yale.

Mwaka uliofuata aliwekwa kumlinda mateka wa upande wa pili, mtu mweusi kama yeye, aliyemkimbia bwana wake akapanda mlimani kupigana na serikali, na mateka yule alimtazama sana, akamuuliza jina, baba akajibu Saud, mtu yule akacheka mpaka akakohoa, akasema mimi wamenifunga mikono lakini jina nnalo, baba akampa maji, asubuhi wakamchukua, na hakujua tena lililompata. Kila alipolitaja hilo, sisi wanawe tulikuwa tunamwona mtu anayemhusudu mfungwa.

Tarehe 17 Machi 1973 alikanyaga bomu la ardhini, mguu wa kushoto ukapasuka kutoka gotini mpaka kifundoni, na aliyembeba mgongoni kuteremka mlima wote ule ni mwenziwe, Mzee Aziz, akimwita njia nzima, Saud, Saud, usilale Saud, na hospitalini, baba alipodhani anakufa, alimwambia Aziz jina lake la haki, ili dua isipotee njia. Mzee Aziz yupo hemani leo, katoka Suwaiq na fimbo yake, kakaa nyuma kabisa kwa sababu hakuna aliyempisha.

Jeshi aliliacha tarehe 20 Januari 1976, vita vimekwisha, akarudi kijijini na karatasi za Saud, akapokelewa mlangoni, karatasi zikachukuliwa, na ule uhuru alioahidiwa akakabidhiwa kama zawadi, uhuru ambao alikuwa nao kwa sheria ya nchi kwa miaka mitano na zaidi. Nishani ilipoletwa aliivaa Saud, akapigwa picha, ikatundikwa ukutani, akapewa na kazi ya ofisini kwa heshima ya vita asivyoviona, na baba alipofungua mdomo aliambiwa waziwazi, sema, na wewe ndiye utakayefungwa kwa kughushi. Akahamia hapa Wadi Kabir, akawa fundi wa radieta kuanzia mwaka 1979 mpaka 2016, na gari ngapi za watu zilipona joto kwa mikono yake, Mola ndiye ajuaye.

Tarehe 14 Agosti 1980 alimuoa mama yetu, Bi Ghaliya, aliyemo chumbani humu katika eda yake, na hata siku ile babu yake Saeed alikuja kukaa mbele ya kadhi, akadai kuwa hawa ni watu wake na lazima ndoa ipite mkononi mwake, akala wali wetu, akaondoka. Walijaaliwa watoto watatu, mimi, Hatem na Zahor, na wajukuu saba, na kila mmoja wetu alifundishwa kuandika Nasr bin Farajalla kabla ya kuandika jina lake mwenyewe.

Marehemu alianza kuugua sukari mwaka 2011, figo zikafuata, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa moja na robo, alifariki mikononi mwa Hatem. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Hatem ndiye aliyemuosha, akaliosha kovu lile kutoka gotini mpaka kifundoni, taratibu, kama kwamba bado linauma.

Sasa na wewe, Bwana Saeed, nakuuliza mbele ya watu. Baba yako alipofariki, Februari 2023, ulimuosha wewe, kwa mikono yako, na siku ya tatu ukasimama ukasoma historia yake, jinsi alivyojeruhiwa mguu wa kushoto Dhofar, Machi 1973, na baba yangu kakaa nyuma, kaunyoosha mguu huo huo kwa kuwa haukunjiki, anakusikiliza. Kovu uliliona wapi? Mguu wa baba yako ulikuwa mzima kama wa mtoto mchanga, ulijua kabla hujafungua mdomo, na kwa kujua huko ndio maana ukaniletea mistari sita. Baba alinikataza nisiinuke siku ile, akasema maiti hasutwi. Haya, wewe si maiti.

Hatutaki nishani, ibaki ukutani ikutazame. Tunalotaka ni kiti hicho, inuka umpishe Mzee Aziz, kwani mfiwa ni yeye, alimbeba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Wadi Kabir waliotupikia siku zote tatu, Bi Conjesta aliyemgeuza marehemu kitandani kama baba yake mzazi, na mafundi wenzake wa karakana, Pius na Msafiri, waliotoka Tanzania wakamkuta hapa, wakamwita mzee, na wakalibeba jeneza lake kwa zamu.

Mzee Aziz, ukishakaa, tunakuomba ulitaje kwa sauti jina la mtu uliyembeba, mara moja tu, na nyote mlioko mliitikie kwa dua. Pumzika kwa amani, Nasr bin Farajalla, wewe mwenyewe, si mwengine.