Karai la Mlangoni

Niacheni nisimame, ndugu zangu, maana haya nikiyasema nimekaa miguu inawasha. Nimekuja kusema jinsi nilivyowalisha watu ugonjwa, nami nikijiona mpishi.

Nilikuwa nauza ugali na samaki sato karibu na stesheni, wachukuzi wa pamba wakija kula mchana. Mlangoni niliweka karai moja la maji. Wa kwanza anatumbukiza mikono, wa pili, mpaka wa ishirini, maji yaleyale, na wengine wametoka moja kwa moja vichakani. Kumwagia mtu maji mikononi niliona ni mambo ya harusini. Na nani angepanda na ndoo nyingine kutoka ziwani? Mimi huyu, mvivu! Wakishakula wote, mimi na binti yangu tunanawa humohumo, tunakula kilichobaki.

Wachukuzi wakaanza kuhara damu. Nikasema nimerogwa, jirani yangu ananionea kijicho. Nawaambia, nilimtukana mama wa watu hadharani. Kisha binti yangu naye akaugua, akalala kitandani. Siku ya tatu hawezi hata kushika kikombe. Naingia, natoka, sijui nalia, sijui nagomba.

Yule jirani niliyemtukana ndiye aliyekwenda kumwita bwana afya. Alipofika akasimama mlangoni, akaliangalia karai, akachota kikombe, akanipa.

“Kunywa, mama.”

Nikamwambia, bwana, haya ni ya kunawia, machafu.

“Mtoto wako anayala kila siku.”

Ndugu zangu, nilikaa chini palepale. Hasira ziliisha, ikabaki aibu.

Bwana afya akatoa dawa. Jirani akachemsha maji, akapika uji mwepesi, akamnywesha binti yangu kijiko kwa kijiko siku mbili nzima. Akapona. Mchukuzi mmoja hakupona, na huyo namkumbuka kila nikinawa.

Asante jirani yangu, ulinisamehe kabla sijaomba radhi. Asante bwana afya, popote ulipohamishiwa. Asanteni nyote mliorudi kula kwangu. Nilichojifunza ni kwamba maji yaliyokwisha kunawiwa ni uchafu, hata yakionekana safi na karai linang'aa.

Sasa nimeona pale nje mmetuwekea karai moja kwa chakula cha leo. Msinichukie. Yamwageni hayo maji, nipeni kata ya kuchotea, nitasimama mwenyewe nimmwagie kila mtu. Asiyetaka akale kwao.