Picha ya Upepo Chumbani kwa Dianora

Baccio, nyamaza! Weka chini hicho kikombe cha mvinyo, na hao binamu zako wanaochekacheka wafunge midomo. Bibi yako amesimama.

Mheshimiwa Padri, Bwana Taddeo, uliyetuletea binti yako Dianora juu ya farasi mweupe, mabibi na mabwana wa mtaa wetu, nanyi wapishi mliojibanza mlangoni: nawasalimu nyote.

Leo asubuhi tulimpeleka bibi arusi kukiona chumba chake, na juu ya kitanda imetundikwa picha ya majira ya machipuko, zawadi ya Baccio kwa mkewe. Mimi sikusoma, jina langu naliandika kwa kuhangaika, lakini kila ua lililomo mle limetoka bustanini kwangu. Nofri mchoraji alikaa wiki tatu akiyachora, akanikanyagia vitunguu vyote. Kwa hiyo nina haki ya kuisemea.

Dianora akauliza, "Bibi, huyu mwanamume wa buluu, mashavu yamemvimba, mbona anamkamata msichana wa watu? Si unaona anakimbia huku anatazama nyuma?"

Na wewe, Baccio, ulijibu nini mbele ya binamu zako? "Huyo ni Upepo wa Magharibi. Usijali, msichana atazoea! Si mwishowe anakuwa malkia wa maua?" Mkacheka mpaka mkashikana mabega. Kuna aliyemtazama Dianora usoni? Mimi nilimtazama. Tangu hapo hajagusa hata kipande cha mkate.

Nami nilimuuliza Nofri habari ya wale wawili. Akasema, "Bibi Tessa, wahenga wasio Wakristo walisimulia kuwa Upepo alimchukua kwa nguvu, kisha akajuta, akampa majira yote ya machipuko ayatawale." Nikamwambia, "Si angejuta kwanza?" Akajifanya anatafuta brashi.

Dianora, una miaka ishirini na miwili, na wapo hapa wanaonong'ona kuwa umechelewa. Waache wanong'one. Umekuja na akili zako, na hukuja kuzoeshwa. Baccio si mtu mbaya, nimemlea mwenyewe. Hata kifaranga kikifa alikuwa akilia. Ila akiwa na binamu zake anakuwa mpumbavu, na upumbavu huo leo umekutia hofu wewe.

Nawashukuru kwa kunivumilia, maana najua nyama inapoa. Dianora, shika ufunguo huu wa chumba; hakuna mwingine. Panda juu na mama yako, mle chakula, mpumzike. Nawe Baccio, njoo ukae hapa karibu nami. Utapanda siku atakayokuita yeye, na hata siku hiyo utabisha hodi.