Droo Kumi na Mbili za Mzee Kadi

Mfanyakazi mwenzangu, karatasi hii haimo kwenye programu ya sherehe, nimeichomeka mwenyewe. Nakupigia magoti, usimwonyeshe mtu na usitoe hata neno moja lililomo. Likifika ghorofa ya juu, sina kazi.

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mzee Kadi, mfasiri wetu mkuu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa kuandika anwani kwenye bahasha. Anaondoka akiwa ameandika kadi elfu nne, kila kadi neno moja la Kiingereza, maana yake na asili yake, katika droo kumi na mbili.

Sharti lake lilikuwa moja: kadi haiwekwi mezani. Hutoka mkononi mwake ikaingia mkononi mwako. Mkurugenzi aliwahi kumpigia simu akitaka maana ya "tradition" kwa ajili ya hotuba. Akaambiwa ashuke. Alishuka ghorofa tatu kwa miguu, lifti ikiwa mbovu, akapokea kadi yake huku akihema. Ilisema kwamba neno hilo, ambalo sisi huliita desturi, limetoka kwenye Kilatini, na huko lilimaanisha kukabidhi. Chini yake Mzee alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu kwamba pasipo mpokeaji hakuna desturi. Hotuba ilipigiwa makofi sana.

Mwaka huu mkurugenzi huyohuyo ameagiza kadi zote zipelekwe kwenye mashine ya kukata karatasi, kwa kuwa kompyuta inatosha. Nimeiuliza kompyuta. Kwenye desturi inasema tazama mila. Kwenye mila inasema tazama desturi.

Kazi ya kuzipeleka nilipewa mimi, karani wa miezi saba. Jumatano nilifika na maboksi, nikaomba radhi mara nne. Mzee hakunilaumu. Alifungua droo ya kwanza akasema, "Nyoosha mikono, mwanangu."

Nikanyoosha. Alinikabidhi fungu kwa fungu mpaka adhuhuri.

Mashine ilikata karatasi nyingi siku hiyo, na hati ya kuthibitisha ina saini yangu, imepinda kidogo. Ndiyo maana mwezi huu hakuna fomu za likizo.

Mzee wetu, ahsante kwa kila kadi na kwa subira yako. Tunakuombea mapumziko marefu na asubuhi zisizo na ngazi.

Anayehitaji neno asipige simu wala asiandike. Aje dirisha la tatu la masjala saa nne, wenzangu wakiwa kwenye chai, aulizie fomu za likizo. Nikimjibu zimekwisha, anifuate ngazi za nyuma. Aje mikono mitupu.