Figo za Upande wa Baba

Benchi yangu iko Ukunda, nyuma ya kinyozi: ubao mmoja juu ya matofali sita. Kila alasiri hukaliwa na wanaume watatu, nami huwapa kahawa na mahamri wapate nguvu ya kusema uongo. Mbarak twamwita Wakili, kwa kuwa hajawahi kukubali kosa. Katana, fundi viatu, ni Redio. Mwero wa Mackinnon Road ni Kiangazi, hana habari njema. Alhamisi hiyo Wakili alikuja na karatasi mfukoni. Yeye na kakake Chirau wana sukari, waliipata mwaka mmoja. Za Wakili figo ni nzima. Za Chirau zimekufa, na mara mbili kwa juma mashine humsafisha damu. Basi kuna watafiti wanataka damu ya ndugu wote wawili, waone ni jeni gani, ile mirathi ya wazazi iliyomo damuni, inayoharakisha figo kufa. Chirau ameshatoa. Kesho ndiyo siku ya mwisho, na Wakili hataki.

— Siendi, akasema. Figo mbovu zilikuwa za baba, Mungu amrehemu. Mimi ni Mdigo. Sisi twafuata fuko la mama, ukoo wake.

— Mashamba ndiyo mliyorithi kwa mjomba, nikamwambia. Na magonjwa yana mjomba?

— Bi Kadzo, mila ni mila.

— Mila yenu imepinda, akasema Redio. Kwetu Wagiriama mtoto ni wa baba, yeye na figo zake. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Babako alikuwa mtu wa kimya, nikasema. Wewe wapayuka tangu adhuhuri.

Kiangazi alikuwa ameshajishika kiuno.

— Sisi Waduruma twarithi kotekote. Kwa mama na kwa baba.

— Pole. Basi kunywa polepole.

Redio akasogea, kama mwenye siri.

— Chirau alichukua kitanda cha mzee. Godoro lilelile. Figo ziko mgongoni, na mgongo uko godoroni. Jeni zikapanda.

— Kama kunguni.

— Kunguni waonekana, Bi Kadzo.

— Si godoro, akasema Kiangazi. Ni jina. Chirau aliitwa jina la babu yake mzaa baba. Ugonjwa ulipiga hodi ukauliza, Chirau ni nani hapa? Akaitika. Wewe Wakili ulipewa la nani?

— La rafiki ya baba, wa Matuga.

— Ndiyo maana umekukosa. Unakutafuta Matuga.

Wakili akafurahi.

— Mwaona? Asiyekuwepo na lake halipo. Nisipokwenda, na ugonjwa wangu haupo.

— Methali hiyo ni ya mkutanoni, nikamwambia. Wewe waogopa kuambiwa zamu yako ni lini.

Wakili akapuliza kahawa iliyokwisha poa.

Hapo Chirau akatokea, bendeji mkononi, ametoka kwenye mashine.

— Shikamoo, Bi Kadzo.

— Marahaba, mwanangu.

Nikammiminia nusu kikombe. Daktari amempimia maji ya siku nzima, na kahawa yangu imo. Wenzake wakampisha. Hakuwa amesikia neno.

— Mbarak, akasema, leo nimelala pale saa nne nzima nikifikiri jambo moja. Mama mmoja. Baba mmoja. Chungu kimoja. Na dawa za sukari wewe wazisahau kuliko mimi. Mbona figo zangu, na si zako?

Hakuuliza kwa kijicho. Aliuliza kama mgeni aulizaye njia.

Redio akatazama viatu vya watu. Kiangazi akajishika tena kiuno. Mimi nina neno la kila mtu mtaa huu. Siku hiyo nilishika dele la kahawa tu.

— Sijui, akasema Wakili. Miaka yote, sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

— Nao watafiti hawajui, akasema Chirau. Ndiyo maana wazitaka zote mbili. Yangu peke yake wataifananisha na nini? Nina watoto sita, Mbarak.

Wakili akaitoa karatasi, akainyoosha gotini.

— Wameandika mtu aende bila kula?

— Tangu usiku.

Jua lilikuwa bado juu. Wakili akalirudisha hamri lake sahanini, likiwa na alama ya meno.

— Bado mapema, nikamwambia. Kula.

— Nikila sasa, usiku nitasahau, akasema, akamsogelea nduguye benchini.