Ndani ya Tangi la Mvinyo Mwekundu

Assalaam alaykum jamani, na wenzetu wa dini nyingine, habari zenu. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha kusaidiana kaniomba niseme yaliyonipata. Nitasema nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitanyamaza.

Mimi ni mkulima wa ufuta, mtu wa kijiji cha Mbwara. Mwaka mmoja mvua zilikataa, ufuta wote ukaungua shambani. Binamu wa mke wangu akanipeleka Dodoma, kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo wa zabibu. Najua wengine mnaguna. Guneni tu. Nilikuwa na watoto wa kulisha.

Kule ni juu, ndugu zangu. Ni uwanda mkavu ulioinuka. Mchana jua linachoma, jioni unatafuta sweta. Zabibu zake nyeusi zina ganda nene, na mvinyo wake mwekundu ni mzito, ukiuweka kwenye glasi huoni upande wa pili. Sijauonja hata siku moja, ila harufu yake naijua.

Mvinyo huo huchachuka pamoja na maganda. Ukishahamishwa, chini ya tangi hubaki makapi, mfano wa machicha ya nazi, ila mekundu. Mtu hushuka kuyatoa kwa beleshi. Sasa nawaambia, kuchachuka kule huacha hewa mbaya. Huioni, nayo imelala chini kama maji. Ndiyo maana kwanza huwashwa feni kuifukuza.

Siku hiyo umeme ulikatika, na gari la kubeba makapi lilikuwa linasubiri. Msimamizi akaniambia, "Shuka haraka, dakika mbili tu." Nikashuka kwa ngazi.

Makapi yalinifika magotini. Nikapiga beleshi mara moja. Nilipotaka kuvuta pumzi, nikavuta kitu, lakini hakikuwa pumzi. Nikatazama juu, tundu la kuingilia lilikuwa dogo kama sahani. Nikaita. Sauti haikutoka. Miguu imezama, kuta zinateleza, na ile harufu imenijaa mpaka kichwani. Nikasema moyoni, watanizika wapi mimi?

Mwenzangu mmoja, kijana wa Kigogo, alisikia beleshi limenyamaza. Wenzake walitaka kunifuata, akawazuia: "Asishuke mtu! Mtakufa wote!" Akafungua kimlango kidogo kilicho ubavuni mwa tangi, huku chini, makapi yakamwagika, wakanivuta kwa miguu. Nilizindukia juani, natapika.

Nikarudi nyumbani mzima. Watu waliniona mzima. Lakini nawaambia, nilikuwa bado mle ndani.

Sikuweza kulala kwenye chandarua. Mlango ukifungwa, kifua kinabana. Msikitini nilisali nje, peke yangu, hata mvua inyeshe. Jirani yangu mmoja akasema barazani, na masikio yangu yanasikia, "Kaenda kufanya kazi ya pombe, Mungu kamwonyesha." Na mimi mwenyewe nilishaanza kuamini.

Siku moja nimerudi kutoka shambani, nikakuta mke wangu kang'oa mlango wa chumba chetu, katundika kanga. Akasema, "Baba Asha, lala. Hapa hapafungwi."

Nikaanza kulala. Lakini kutoka mle tangini, bado.

Kisha baba yangu akafariki. Mnajua kwetu, mtoto wa kiume ndiye hushuka kaburini kumpokea mzazi wake. Jeneza likafika. Nikachungulia lile shimo, nikarudi nyuma hatua mbili. Shemeji yangu akaninong'oneza, "Wewe kaa, nitashuka mimi."

Watu wote wananitazama. Baba yangu yuko pale, ananisubiri. Nikasema kwa sauti, "Naogopa."

Neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya mwanamume mwenzangu.

Mara yule jirani, yule yule wa barazani, akalala kifudifudi kwenye udongo na kanzu yake nyeupe. Akanishika ukosi. "Shuka, ndugu yangu. Nimekushika. Ukisema vuta, navuta."

Nikashuka. Nilitetemeka mpaka udongo ukawa unanimwagikia. Nikavuta pumzi, ikaingia. Nikavuta nyingine, nayo ikaingia. Wakaniteremshia baba, mwepesi kama mtoto. Nikampokea, nikamlaza ubavu wa kulia, huku nalia. Yule bwana hakuniachia ukosi mpaka nilipomaliza.

Namshukuru kijana wa Dodoma. Namshukuru mke wangu. Na yule jirani, Mungu amlipe. Ameshaniomba radhi, nami nilishamsamehe palepale makaburini.

Sijapona kabisa, sitawadanganya. Ninachojua ni hiki: aliyenaswa haambiwi ajikaze. Anashikwa. Na wewe uliyenaswa, sema unaogopa, ili anayetaka kukushika ajue akushike wapi.

Nimemaliza. Ila namwona dada yule, amesimama nje pale barazani tangu tulipoanza, anasikiliza kupitia dirishani. Dada, usijilazimishe kuingia. Jamani, chukueni viti. Tumfuate huko huko.